Nani Kakata Shamari za Mwalimu?

Kijiwe chetu cha kahawa cha Madale kimeegemea uzio wa Mwalimu Kasimiri, na ndani ya uzio ndiko zilikokuwa shamari zake, kile kiungo chenye harufu tamu: majani laini kama manyoya, vichwa kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Mbegu aliachiwa na marehemu mkewe, Margareta, kiganja kimoja tu. Jana Mwalimu karudi kutoka kutibiwa macho, wiki mbili hayupo, akakuta mashina matupu. Vichwa vyote vimekatwa! Leo akatujia kijiweni na bendeji kwenye jicho moja. Hilo lililobaki lilitutosha wote.

— Nani kaingia bustanini kwangu?

— Mbuzi, akajibu Profesa, ambaye shahada yake hatujawahi kuiona. Mbuzi wa siku hizi wana akili, Mwalimu.

— Mbuzi akate kwa kisu?

— Ndo maana nikasema wana akili.

Mamlaka, mlinzi mstaafu, akaweka kikombe chini.

— Acha uongo wewe! Hawa ni watafiti. Wamekuja na droni, vuuu, wamebeba. Saa hizi shamari zetu zinasomeshwa Ulaya.

— Zetu? akadakia Profesa. Ulimwagilia lini?

— Mie nilikuwaga nanusa, braza. Kunusa nako mchango.

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akakaa.

— Za kula ningesamehe. Zile zilikuwa za mbegu. Margareta alikuwa anazisubiri zigeuke kahawia, anakata kabla hazijapukutika. Sasa sina hata moja ya kupanda.

Hata Profesa aliishiwa mbuzi.

Ndipo akaja Raudha, mpangaji mgeni mtaani, kununua kashata.

— Shikamooni. Eti mzee Bakari, kofia yako iko wapi?

Tukamgeukia muuza kahawa wetu. Miaka saba hatujawahi kukiona kile kipara, na leo kilikuwa kinatuwakia tangu asubuhi! Bakari akamimina kahawa hadi ikafurika. Akainama chini ya meza, akatoa kofia yake ya kushonwa kwa mkono, imejaa mbegu, imefungwa uzi.

— Zilianza kudondoka, Mwalimu, na mvua hiyo inakuja. Nikaruka uzio, nikakata vichwa, nikavianika kivulini. Ila ulisema atakayeruka utamshtaki… nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mwalimu akafungua. Akanusa. Akanusa tena, muda mrefu. Kisha akavua kofia yake ya pama, akamvika Bakari.

— Ahsante, ndugu yangu. Nusu zako, kapande.

— Mie nimepanga chumba, Mwalimu. Nipande wapi?

— Kwangu. Ila safari hii pita getini.