Ugoro wa Odoyo na Kiingereza cha Jumapili

Apa kwanza. Apa kwamba haya hayatavuka daraja la Mirongo, wala hutamwambia jirani, hata yule wa ukuta mmoja. Umeapa? Basi sogea karibu, kwa maana aliyeyaleta naye aliapishwa, na kiapo chake hakikumaliza hata kikombe kimoja cha kahawa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu vimeota kando ya ziwa kama uyoga, nyama ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanabaki Mwanza kukaangwa. Pale Mirongo, kwenye ubao wa mtumbwi mbovu uliolazwa juu ya mawe mawili, walikaa wanaume waliojua kila kitu isipokuwa kazi itapatikana lini. Venant, Mhaya wa birika, ndiye mwenye kahawa na kashata. Chenge alikuwa karani wa shirika la pamba mpaka shirika lilipopunguza watu. Kiingereza chake hakikupunguzwa, akatoka nacho, wakamwita Sarufi. Masele alitundika mitumba yake ubavuni mwa benchi, na jina lake ni Soko Huria. Katikati yao, siku hiyo, aliketi Odoyo, fundi wa injini za mitumbwi, wanamwita Plagi. Jasho lilimtoka kana kwamba yeye ndiye anayefunguliwa nati.

Jasho hilo lilikuwa la Dorotea. Mjane huyo, muuza mapanki, alikubali kuolewa naye kwa sharti moja tu: aache ugoro. Odoyo akaacha. Asubuhi mkono ulikuwa bado unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, unakuta patupu, unarudi kwa aibu. Jumapili angetoa ushuhuda mbele ya wageni wa kanisa kutoka ng'ambo, tena kwa Kiingereza, maana mchungaji alitaka wageni wasikie wenyewe bila mkalimani. Akishuhudia vizuri, ndoa inatangazwa palepale.

— Haya, sema tena, Chenge aliamuru.

Odoyo akasimama, akakohoa.

— I am used to snuff.

— Keti! Unaliambia kanisa kwamba umeuzoea ugoro, unakaa nao raha mustarehe! Hiyo "am" itupe. Sema, "I used to take snuff." Maana yake nilikuwa na kawaida ya kunusa, sasa sina.

— Neno dogo hivyo linabeba yote hayo? Venant aliuliza huku akimimina.

— Linabeba. Tena si tabia tu, hata hali. "I used to be fat." Zamani nilikuwa mnene.

— Wewe? Lini? Masele akadakia.

— Nilipokuwa na mshahara.

Benchi likacheka, Odoyo naye akacheka kidogo, kicheko cha mgonjwa anayesubiri sindano.

— Mimi najua neno hilo lilikotoka, Masele alisema, akilikung'uta koti moja la kijivu. Si ndiyo hiyo yuzdi ya magari yaliyokwisha kutumika? Mzungu akiichoka tabia yake anaivua, anaifunga kwenye belo, inapanda meli. Huku sisi tunafungua belo, tunachagua, tunavaa. Ndiyo maana kila ujinga walioacha wao, sisi tunaukuta Mwanza umepigwa pasi.

— Siyo hivyo, Venant alisema. Kwao kuna baridi bwana. Baridi ikishika hawatoki nje, wanakaa kuhesabu tabia zao: hii tumeacha, hii bado tunayo. Huku na jua hili nani ana nafasi? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, ujue maji ni mengi.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? Masele aliuliza.

— Imeingia kwa mlango. Kunywa kahawa, itapoa.

— Mnamchanganya mwanafunzi, Chenge alilalamika. Odoyo, ipo na "would". "Every morning I would take snuff." Kila asubuhi nilikuwa nanusa. Ila hiyo ni ya vitendo vya kurudiarudia. Unene wangu haukai hapo, unataka "used to".

— Mwalimu, mimi niachie hilo moja. Hilo moja tu halijanikaa mdomoni, unaniletea na mke mwenza!

— Hilo moja linatosha nchi nzima, Masele alisema, sasa amepanda moto. Tulikuwa na kiwanda, yuzdi tu. Tulikuwa na dawa za bure, yuzdi tu. Siku hizi mtoto akizaliwa Mwanza apewe hilo neno kwanza, jina lifuate.

Kisha akashusha sauti.

— Ila Plagi, ndugu yangu, usinikasirikie. Juzi mama mchungaji alipita kwa Dorotea. Anasema nyumba inanuka ugoro.

Odoyo akamgeukia Masele.

— Nani kasema?

— Mke wangu. Naye alikatazwa asimwambie mtu.

— Mimi kwa Dorotea naishia mlangoni! Hata kigoda chake sikijui!

— Harufu haingoji kukaribishwa, Venant alisema kwa upole.

— Kama bado unanusa, Chenge akasema, basi sarufi inabadilika. Itabidi useme, "I take snuff." Sentensi fupi. Na uchumba nao unakuwa mfupi.

Odoyo alitaka kuapa, lakini hakupata nafasi. Dorotea huyo, beseni la mapanki kichwani, anakuja kwa hatua za mtu aliyeanza kugomba tangu nyumbani. Akalitua beseni.

— Odoyo! Mama mchungaji ananitazama kama mimi ndiye kiwanda cha tumbaku! Umeacha au hujaacha?

— Nimeacha, Dorotea.

— Geuza mifuko.

— Mbele ya watu?

— Ushuhuda si utautoa mbele ya watu? Geuza!

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mchumba, Masele alisema.

Odoyo akageuza mifuko. Ikaanguka plagi moja, kipande cha waya, na nusu ya kashata. Dorotea akamnusa kola, akamnusa mikono. Petroli tupu.

— Tazama na kwenye soksi, Masele alishauri.

Viatu vikavuliwa. Soksi zilikuwa na matundu tu, ugoro haukuwemo. Ungedhani mwanamke atafurahi. Wapi! Alizidi kuvimba.

— Basi umejua kuficha, alisema. Akageuka, akaenda kusimama upande wa makoti ya Masele, mgongo kwa benchi, kanga imefunika kichwa, mabega yameinama.

— Umeona? Umemliza, Venant alinong'ona.

Odoyo aliketi, viatu mkononi. Miezi miwili ya kutafuna njiti za kiberiti kila asubuhi, na mwanamke bado hamwamini!

— Kama yeye haamini, alisema, hao wageni Jumapili nawaambia nini? Kiingereza cha nini sasa?

Nyuma yao alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akijaribu koti kwa muda mrefu, jogoo kwapani. Akasogea.

— Samahanini.

— Shikamoo, mzee, benchi likasema.

— Marahaba. Naitwa Kashindye, natoka Usagara. Hicho Kiingereza sikijui.

— Ndiyo hivyo, mzee. Jogoo wa shamba hawiki mjini, Masele alisema.

— Mimi siwiki, mwanangu, nauliza. Huyu bwana alipoacha ugoro, kile kikopo chake kilikwenda wapi?

Venant alichungulia ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Masele, ambaye ana nadharia hata ya mvua, aliendelea kukung'uta koti lisilo na vumbi. Walikuwa wamekwenda Ulaya na kurudi, kikopo hakuna aliyekiuliza.

Odoyo ndiye aliyekumbuka, taratibu, kama injini inayokubali kuwaka.

— Nilimkabidhi Dorotea. Kimejaa. Alisema atakwenda kukitupa ziwani.

Wote wakageuka kwa pamoja.

Dorotea alikuwa palepale kwenye makoti. Kanga ilikuwa imeteleza. Kikopo kimefunguliwa kwenye kiganja cha kushoto, na kidole gumba cha kulia, chenye kilima kidogo cha ugoro juu ya ukucha, kimeshafika mlangoni mwa pua. Aliwaona wanamwona. Akashindwa kuvuta, akashindwa kushusha, akabaki hivyohivyo, machozi yakimlengalenga. Masikini benchi, lilikuwa limemhurumia kwa machozi hayohayo, kumbe ya ugoro.

— Nilikuwa... nilikuwa nakwenda kukitupa, alisema.

— Mama, mzee Kashindye aliuliza, ziwa si liko upande ule?

Pua ya Dorotea ilikuwa imeanza kujikunja. Na Odoyo, pekupeku, mifuko ikining'inia nje kama masikio ya mbuzi, akachupa kutoka benchini, akanyakua koti la kijivu la Masele na kuyafunika mapanki ya mchumba wake kabla chafya haijafika.