Matone ya Mama Joshua

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Sepuka kiko mbele ya mashine ya kukamua alizeti. Asubuhi za baridi, mashine ikiwa bado haijawashwa, ukungu hushuka mpaka kwenye vikombe, mtu anaongea na uso wake huuoni sawasawa. Labda ndiyo maana tunaropoka. Juzi Antipasi, tunayemwita Njozi, alikuja na kichupa cha matone ya madini joto alichonunua mnadani. Mkewe, Editha, ana rovu, tezi ya shingo imemvimba. Mikono inamtetemeka, na usiku moyo unamwenda mbio. Njozi alitaka tumuunge mkono kabla hajayatia kwenye uji wa mkewe. Anampenda yule mama, hilo silibishi.

— Muuzaji kasema matone mawili, alisema Njozi. Mimi nawaza kumi, apone haraka.

— Tia! alidakia Miraji, fundi baiskeli tunayemwita Profesa. Chumvi ya dukani si ina madini joto? Imemuua nani?

— Ya kwenye chumvi ni kidogo, alisema Paschal. Huyu ndiye Breki, kazi yake kutusimamisha. Hicho ni kichupa kizima, bwana.

— Breki, rovu ni shingo yenye njaa. Ilishe, itanyamaza. Hata ukungu huu una madini joto, unatoka ziwa Singidani. Wale ndege heroe wa ziwani, unadhani shingo zao zimenyooka kwa nini?

Nilicheka, lakini kwa kitambo nikawaona heroe wamesimama kimya upande wa pili wa barabara, waridi ndani ya weupe.

— Ananisimulia ndoto zake, Njozi akasema taratibu. Anaruka juu ya mashamba ya alizeti, hana uzito kabisa. Asubuhi namtazama, kweli amekonda.

— Si unaona! Profesa akasimama. Anapaa kwa kukosa madini. Madini ni uzito. Mpe chupa yote, atatua!

— Na vidonge anavyomeza vya hospitali je? Breki akauliza.

— Dawa na dawa ni ndugu. Zitasalimiana hukohuko tumboni.

Editha akatokea ukunguni, kanga mabegani.

— Shikamoo, mama, nilisema.

— Marahaba, mwanangu. Baba Joshua, kichupa hicho cha nani?

— Chako, mama Joshua. Madini joto, ya shingo.

Alikichukua, kikatetemeka mkononi mwake.

— Tezi yangu haina njaa, baba. Inafanya kazi kupita kiasi. Vidonge vyangu ni vya kuituliza. Daktari alisema nisiongeze madini joto bila kumuuliza, yanaweza kuvishinda, moyo ukazidi kukimbia.

— Shemeji, Profesa akasema kwa sauti ndogo, mama yangu anakunywa dawa za presha. Nilitaka nimgawie.

— Kaulize kwanza. Nilisikia hukohuko kwa daktari kwamba zipo dawa za presha zisizopatana na matone haya.

Akakaa karibu na mumewe. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

— Daktari aliyasema yote hayo wewe umekaa kiti cha pembeni yangu. Ulikuwa wapi, baba Joshua?

Njozi akamsogezea mkewe kahawa yake ambayo hakuwa ameigusa.

— Na kahawa alinikataza, akasema Editha.