Watu wa Michenga Waliofutwa

Wasikilizaji wapendwa, Mwanasha, jirani wa marehemu Mama Agnella, anasema mama huyo aliuawa na redio. Anasema alimkuta ameipakata, imezimwa, na mwenyewe hasemi. Habari hiyo ameisimulia bombani, ameisimulia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, sasa imefika stendi.

Restituta, binti wa marehemu, hataki kuisikia. "Mama alikuwa na presha, dada Mwanasha. Alifia hospitali, nimemshika mkono." Halafu akaongeza, "Ila redio aliizima kweli. Mwaka mzima kabla ya kufa."

Tunamkumbuka Agnella Lipindi wa Michenga. Agnella wa Michenga, mwanamke aliyeigiza harusi nzima peke yake.

Nzima, wasikilizaji. Hakuwa na bendi. Alikuwa na kayamba moja na khanga moja. Khanga ikiwa kichwani, huyo mama mkwe. Ikiwa begani, mjomba mlevi. Ikiwa usoni, bi harusi analia huku anachungulia zawadi. Baada ya mavuno watu walimfuata kutoka Sanje, kutoka Kidatu. Khanga ikipanda tu kichwani, uwanja mzima unapiga kelele: "Shikamoo, mama mkwe!" Naye anaimba, "Marahaba! Mmekula nini hamkuniita?"

Mwaka juzi akaja Fulgensi, mwenye studio hapa Ifakara. Anataka kutoa albamu. Restituta alikuwa pembeni anapepeta mchele, akamsikia mama yake akiuliza, "Sasa mwanangu, kwenye albamu khanga wataionaje?"

"Hawataiona, mama."

"Basi usiwaondoe watu wangu. Wao ndio wanaosema nani kaingia."

"Usijali, mama. Niachie mimi."

Wakarekodi palepale Michenga, uwanja wa kanisa umejaa. Restituta aliitikia mpaka koo likamkauka.

Albamu ikatoka. Watu hawamo! Fulgensi kawafuta wote, kaweka kinanda cha kompyuta. Eti kelele. Watu wa Michenga, kelele! Ikabaki sauti ya mwanamke mmoja anayejitukana, anajijibu, analia, anacheka. Asiyemjua alisikia kichaa.

Na hivyo ndivyo walivyosema. Kwenye basi la Kidatu albamu ilikuwa inapigwa. Kondakta akasema, "Msikieni bibi wa mapepo!" Abiria wakacheka. Agnella alikuwa kiti cha nyuma na binti yake. Restituta akainuka amjibu. Mama yake akamvuta sketi. "Kaa. Hakosei huyo. Hata mimi nikijisikia humo naogopa."

Tusimseme Fulgensi peke yake. Redio hii nayo iliipiga. Hapahapa, asubuhi, na mtangazaji wetu akaongeza kicheko chake juu. Siku hiyo ndipo Agnella alipozima redio. Tulimzimisha sisi.

Hakuigiza tena. Mavuno yakaja, watu wakaja, akawaambia khanga imechanika. Haikuchanika. Restituta ndiye aliyekuwa akiifua. Ilikuwa nzima.

Pole sana Restituta. Poleni ukoo wa Lipindi, Michenga na Mahenge. Na wewe uliyecheka, kaa ujiulize ulikuwa unacheka nini. Mwenye sauti alikuwa mzima, anakusikia.

Arobaini ni Jumamosi. Restituta tunaye hapa studio, khanga ya mama yake imo mapajani. Haombi msamaha wa mtu. Anaomba rekodi ile ya kwanza, ile yenye watu, ipigwe siku hiyo uwanjani, ili Agnella asikike kama alivyokuwa. Amempigia Fulgensi wiki nzima, simu inakatwa. Leo tumempigia kwa namba ya redio. Kapokea. Restituta, sema naye.

"Shikamoo, kaka Fulgensi. Ni Restituta wa Michenga. Rekodi unayo, najua hujaifuta. Nirudishie watu wa mama yangu."

Wasikilizaji, hajakata. Tunasikia pikipiki zikipita upande wake. Tunamsikia anavyopumua.

Kaka Fulgensi, umesalimiwa.