Marceline Kapya, Aliyewatoa Wanawake Nyuma ya Sinema

Wazazi, Mon Père padri wetu, majirani wa Ruashi, na ninyi mliotoka Commune Albert kwa miguu, familia inawaomba mkae, wenye watoto wadogo wabaki karibu na mlango, tuyasome maisha ya mama yetu kama yalivyokuwa, bila kuyapunguza na bila kuyapaka sukari.

Marceline Kapya alizaliwa Kabalo tarehe 8 Septemba 1914, mtoto wa tatu wa Pierre Kalenga, mfanyakazi wa reli, na Virginie Mujinga, mkulima. Mwaka 1922 baba yake alihamishiwa Élisabethville, familia ikapanda meli ya mto mpaka Bukama, kisha gari la moshi, na Marceline akashuka stesheni ana homa, amekumbatia kuku ambaye hakukubali mtu mwingine ambebe.

Mwaka 1924 aliingia shule ya masista, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu, lakini zaidi alijifunza sindano, na masista walipoona kwamba anakata kitambaa sawasawa bila kuchora kwa chaki walimwachia mkasi. Kuanzia mwaka 1929 alishonea misheni ya mtaa, kanzu za mapadri, vitambaa vya altare na mashuka, na kazi hiyo hakuiacha hata alipofunga ndoa, tarehe 6 Agosti 1932, na Alexis Mulenga, mfanyakazi wa tanuru la shaba. Mungu aliwapa Edith mwaka 1933, Godefroid mwaka 1935, Annie mwaka 1940, na Kasonde mwaka 1943, ambaye hakumaliza mwaka.

Mwaka 1936 misheni ilianza kuonyesha sinema Jumapili jioni, katika uwanja wake. Kitambaa cheupe kilifungwa kati ya nguzo mbili, wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, pamoja na mashine na Bwalya, msemaji wa sinema, aliyeeleza picha kwa Kiswahili akizionyesha kwa fimbo, na wanawake na watoto walikaa upande wa pili, nyuma ya kitambaa, kwa sababu kilikuwa chepesi na mwanga ulikipenya, ikaonekana kwamba hiyo inawatosha. Sauti ya Bwalya iliwafikia nusu, na picha iliwafikia kinyume, kuume ikawa kushoto, lakini hilo wao hawakulijua, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa mbele.

Filamu iliyopendwa na wanaume ilikuwa ya kijana anayerudi kwa mama yake baada ya miaka mingi, na ilipofika pale anapomsalimia, Mado, jirani wa marehemu, alipiga kelele, "Muone ule! Anapatia mama yake mukono ya kushoto! Kwabo hakuna bakubwa?" Wanawake wote wakamzomea yule kijana, na baadaye alipougua ndani ya filamu walisema inamfaa. Usiku ule, mbele ya bukari, marehemu alimweleza mumewe ubaya wa mtoto yule, na Alexis akacheka mpaka akaweka tonge chini, akasema, "Ule iko na heshima, alipana mukono ya kuume, niliona." Marehemu akauliza, "Na miye niko kipofu?" Alexis akamjibu, "Hapana, bibi yangu, uko nyuma tu."

 Jumapili iliyofuata marehemu alisimama pembeni kabisa, kwenye nguzo, akachungulia upande huu, kisha upande ule, na kijana yule akawa mwenye adabu huku na asiye na adabu kule, kwa salamu ileile. Hapo marehemu alielewa jambo ambalo baadaye aliwaambia watoto wake mara nyingi, kwamba sinema haiko ndani ya mashine wala juu ya kitambaa, ni mwanga unaopita, na unakuwa habari pale tu unapomkuta mtu ameketi mahali fulani, kwa hiyo anayekupangia mahali pa kukaa amekwisha kukupangia na la kufikiri. Alikwenda kwa Bwalya, na Bwalya akamwambia, "Mama Edith, filimu ni ileile, unatafuta nini?" Alikwenda kwa padri wa misheni, naye akamjibu kwa upole kwamba akina mama wanakuja kupumzika, na mbele hakuna nafasi. Marehemu akashukuru, akarudi kwenye cherehani aliyoazimwa na misheni.

Mwezi wa Oktoba 1938 upepo wa mvua ya kwanza ulipasua kitambaa kile toka juu hadi chini, na kazi ya kushona kingine akapewa yeye. Alimwambia padri kwamba picha itang'aa zaidi kitambaa kikiwa na mgongo mweusi, na alisema kweli, padri akakubali bila kuuliza zaidi, na marehemu akachukua mabaki ya kitambaa cheusi cha kanzu za mapadri, akayaunganisha, akayashonea nyuma ya kile cheupe. Alijua kwamba misheni ikikasirika cherehani itachukuliwa, na cherehani hiyo ndiyo iliyowavika watoto, lakini alishona pindo mara mbili ili mtu akitaka kulifumua achoke.

Jumapili ile wanawake walikaa mahali pao pa siku zote, mashine ikalia, wanaume wakaanza kucheka, na upande wa nyuma ulikuwa mweusi kama chungu. Mado akauliza, "Sinema iko wapi?" Marehemu akasimama, akachukua kigoda chake, akajibu, "Iko mbele. Twende." Walizunguka nguzo na vigoda, na mikeka, na watoto mgongoni, Bwalya akanyamaza katikati ya maneno, akainua fimbo akisema, "Ba mama, nafasi yenu iko nyuma!" Marehemu akamwuliza, "Nyuma ya nini, Bwalya? Wende uangalie, utuambie unaona nini." Wanaume walinung'unika, mmoja akasema bukari itapikwa na nani sasa, na hapo Alexis Mulenga akasogea kwenye benchi lake, akapiga ubao kwa kiganja. Marehemu akakaa. Wengine wakasogea mmoja mmoja, na padri, aliyekuwa akitazama picha ambayo haijapata kuwa safi namna ile, akamwambia Bwalya aendelee.

Filamu ilikuwa ileile, ya kijana yule. Alipofika kwa mama yake akanyoosha mkono, na ulikuwa mkono wa kuume, na wanawake waliokuwa wamemzomea miaka miwili walipiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia kuuliza ni arusi ya nani. Kitambaa hakikufumuliwa kamwe.

Tangu siku ile marehemu alitazama sinema kama fundi anavyotazama nguo ya mwenzake. Mtu akiingia chumbani na mara akawa barabarani, alisema kwa sauti, "Hapa bamekata," kwa maana alijua kwamba filamu ni vipande vilivyokatwa na kuunganishwa, mshono mzuri unakusahaulisha mkasi, na mshono mbaya unakuonyesha kwamba kuna kitu hawakutaka ukione. Alipenda sinema kuliko wote waliotaka kumweka nyuma yake. Mwaka 1949 mitaa mingine ilianza kumwagiza vitambaa, alishona saba, vyote vyenye mgongo mweusi, na kila vilipofungwa wanawake walikaa mbele.

Alihamia Ruashi na familia yake mwaka 1955. Mwezi wa Machi 1957 alianza kuvimba miguu, waganga wakaona ni figo, alilazwa mara tatu, na alifariki tarehe 14 Juni 1958, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na akili zake zote, baada ya kumwambia Annie afunike cherehani isiingie vumbi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani walioleta kuni na unga, wenzake wa chumba cha kushonea, wafanyakazi wenza wa Baba Alexis waliochimba kaburi, na mzee Bwalya, aliyekuja jana kwenye kilio akaketi mstari wa nyuma kwa hiari yake. Sufuria za watu zitarudishwa Jumatatu, mwenye kukosa yake amwone Edith.

Mama Marceline, nafasi yako uliishona mwenyewe. Pumzika kwa amani, na huko unakokwenda, ukae mbele.