Tumbo Lililoachwa Wazi

Basi halijafika hata gia ya pili, fundi cherehani akamgeukia baba wa miwani aliyekaa kando yake, mtu asiyemjua kabisa. "Mume wangu juzi kaanguka kutoka ghorofani kazini. Ini limechanika, paja limevunjika. Madaktari wakampasua, wakamjaza vitambaa tumboni, wakamwacha wazi! Mimi siachi hata gauni na pini."

"Gauni lako linavuja damu, dada?" akauliza baba. "Mwili ulishapoa. Wangeng'ang'ania kumaliza yote siku ile, wangemmaliza yeye. Wamezuia damu, wamempasha joto, leo wanarudi kushona."

"Na mguu?"

"Umeshikizwa na vyuma kwa nje. Mguu una subira."

"Mwenyewe hana! Anasukumwa kwenda kupasuliwa, anauliza ndoo yake ya zege imebaki na nani."

Abiria wakacheka. Nami niliyejifanya nimelala nikacheka pia, nikaumbuka.

"Namhamishia hospitali nyingine leo leo," akasema yule mama fundi, basi likisimama langoni mwa hospitali.

"Mhamishe, shemeji, lakini saa nne ipite kwanza," akajibu baba, wakishuka pamoja. "Saa nne mimi ndiye ninayempa daktari mikasi."

Mama akamtazama viatu. "Sasa mbona unatembea taratibu hivyo?"