Stefanida Baranchuk, Aliyeyarudisha Maji ya Vereskava

Stefanida Baranchuk alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Vereskava, kando ya mto Yaselda, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Ihnat na Maryla. Alijua kutembea juu ya kinamasi kabla hajajua kusoma.

Baada ya shule ya hapa kijijini alikwenda chuo cha ufundi Pinsk, akahitimu mwaka 1970 akiwa fundi wa kukausha ardhi. Ndiyo, wapendwa, mmesikia vizuri! Kwa miaka kumi na minne Shangazi yangu alipima mitaro iliyonyonya kinamasi chetu ili yapatikane mashamba, na medali alipewa.

Tarehe 6 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Tadeush, dereva wa trekta. Alipokuja kuposa, Tadeush alipita njia ya mkato kinamasini akazama hadi kiunoni. Shangazi akamvuta kwa fimbo yake ya kupimia huku akicheka: “Kaka, umekuja kuposa au kuoga?” Walijaliwa binti mmoja, Vanda.

Mwezi Mei 1984 upepo uliinua udongo uliokaushwa, mchana ukawa giza, mbegu zote zikapeperuka. Shangazi alirudi nyumbani uso mweusi tititi. “Tadeush,” alisema, “haya nimeyafanya mimi.” Kesho yake aliacha kazi, akaanza kuziba mitaro ileile aliyoipima.

Vijana kutoka Minsk walipohamia nyumba tupu za kijiji mwaka 1997, na mizinga yao ya nyuki na vyoo vyao visivyotumia maji, wengi tuliwacheka. Yeye aliwafundisha kinamasi. Wakaandikisha chama, wakaziba mitaro sita. Agosti 2021 mahakama ilikifuta chama hicho, na mwaka uliofuata kampuni moja ikaruhusiwa kuchimba udongo wetu wa kinamasi, ambao ukikauka huwaka, ukauzwe kama kuni. Kukutana hatukuruhusiwa, hata barua ya pamoja hatukuruhusiwa. Wengine walianza kufunga mizigo.

“Na kuchuma matunda kinamasini,” Shangazi aliuliza, “nako kumekatazwa?”

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022, watu waliingia kinamasini, kila mmoja kivyake na kikapu chake, na chini ya kitambaa ubao mmoja. Inspekta Mikola wa polisi, mzaliwa wa hapahapa, alimsimamisha Shangazi.

“Mama Stefa, mko wangapi?”

“Niko mmoja, mwanangu. Hesabu.”

“Na wale kule?”

“Nao ni mmoja mmoja.”

“Na huu ubao?”

“Nikichoka nitaukalia. Wewe ukifika miaka sabini na moja utabeba kochi zima!”

Inspekta aliuma mdomo asicheke, lakini amri ni amri. Shangazi alikaa mahabusu siku kumi na tano. Kufikia saa sita mchana wa Jumapili ileile, hata hivyo, mtaro wa saba ulikuwa umezibwa kwa mbao za vikapuni!

Alipotoka hakuulizia chakula. “Maji yamepanda kiasi gani?”

“Sentimita arobaini!” tulimjibu kwa shangwe.

Akacheza palepale barabarani, viatu havina kamba, maana walizichukua mahabusu. Oktoba mashine ya kampuni ilikwama, ikavutwa siku mbili, haikuonekana tena. Na kiangazi cha 2023, moto uliotoka mashamba ya jirani uliwaka siku tatu, ukafika kwenye majani yetu mabichi, ukazimika. Hakuna hata nyumba moja iliyoungua!

Januari 2024 alianza kuugua moyo, akatibiwa Pinsk, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Alifariki Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tadeush.

Ameacha mumewe Tadeush, binti yake Vanda, ambaye tangu 2021 yuko uhamishoni Vilnius, hawezi kuvuka mpaka, na anatusikiliza sasa hivi kwenye simu niliyoishika, wajukuu wawili, mimi mpwa wake, Palina, na majirani thelathini na wanane waliosimama hapa, ambao kisheria hawana uhusiano wowote wao kwa wao, kila mmoja amekuja kivyake.

Pumzika, Shangazi. Umelala mahali pabichi.