Barua ya Onyo Kwenye Faili la Mama Sauti

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Sauti anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwasemesha Kiswahili mabingwa wa kung fu wa Kichina. Jamani, ukumbi wetu wa sinema utaishije bila yeye?

Alianza kama mkata tiketi. Siku moja msimulizi wetu, aliyekuwa akizitafsiri filamu papo hapo, akaugua, watu mia mbili wameshakaa, na filamu inaongea Kichina kitupu. Mama Sauti alikuwa ameichungulia mlangoni mara kumi na moja. Akashika kipaza sauti, akawa mzee wa hekalu, akawa mwanafunzi mkaidi, akawa adui, akawa hata punda! Tangu siku hiyo hakukiachia.

Wengi walikuja kutazama mateke, yeye akawarudisha nyumbani na adabu. Mwanafunzi akichota maji mwaka mzima kabla ya kufundishwa ngumi moja, viti vya mbele vilipiga kelele apigane upesi. Mama Sauti aliwatuliza kwa sauti ya mwalimu, kwamba asiyeweza kubeba ndoo bila kumwaga hataweza kubeba hasira. Kuna neno la wahenga wa Kichina, lile la kumtendea mwenzako kama binadamu, lilimnyima raha wiki nzima akilitafutia Kiswahili chake. Alijaribu huruma, akajaribu wema, mwisho akanivamia kwenye chumba cha projekta kwa vigelegele: ni utu! Likabaki hivyo mpaka leo.

Sasa mnivumilie kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni miaka kumi na miwili.

Mimi, fundi wa projekta, niliwahi kuweka mkanda wa tano kabla ya wa nne. Shujaa akamsamehe muuaji wa mwalimu wake, akamwinamia kwa heshima, halafu dakika mbili baadaye akaanza kumtandika mateke! Ukumbi ukachafuka. Nikajua kazi imeota mbawa, kwani nilishapewa onyo la mwisho, na mke wangu ndiyo kwanza kajifungua pacha. Mama Sauti wala hakutetereka. Akatangaza kwamba hizo ni kumbukumbu za shujaa, ndizo zilizomfundisha ubaya wa kisasi. Watu wakatulia, wengine wakafuta machozi.

Meneja hakudanganyika. Asubuhi alipouliza, Mama Sauti akasema yeye ndiye aliyeagiza mikanda ibadilishwe. Yeye, ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake! Akaandikiwa barua ya onyo, ya pekee katika faili lake, na tuzo ya mfanyakazi bora mwaka ule ikampita. Nilipotaka kukiri, alinikatalia katakata. Kwenye filamu zake mwanafunzi mkubwa hupokea fimbo ya mdogo wake, na mdogo hulipa kwa kujirekebisha. Basi akaniapisha nifunge mdomo hadi siku atakayostaafu, na nisikosee mkanda tena. Sijakosea hata mmoja.

Mama Sauti, asante kwa koo lako na kwa moyo wako. Nenda ukapumzike, ule ushibe, ulale mpaka jua likuamshe, na wajukuu wakuheshimu kama mzee wa hekalu.

Ila kiapo changu kimeisha leo. Bwana Meneja, barua ile ni yangu. Naomba itolewe kwenye faili lake kabla hajakabidhi funguo, iingie kwenye langu.